Pomboo wa Ukunda

Jumatatu, 3 Februari 2025
Hoteli inatafuta mkuu wa ziara za baharini! Mshahara mnono, fulana yenye jina, ofisi yenye feni. Tumebaki wawili: mimi na Lennox, ambaye anajua kuogelea na hakubali tusahau. Wiki hii tunamsaidia Daktari Gillian, mtafiti anayetaka kujua pomboo wa pwani yetu hupenda kukaa wapi. Kila mmoja amepewa fomu na kifaa cha GPS. Ukiona pomboo unabonyeza kitufe, unaandika idadi, kina cha maji na walichokuwa wakifanya. Atakayefanya vizuri atapata kazi. Nimemwambia meneja Veronicah kwamba bahari imo damuni mwangu. Mimi, Johnstone Muema wa Kitui!

Jumanne, 4 Februari
Nimetapika mara nne kabla hatujavuka mwamba. Pomboo: hakuna. Lennox ameona sita upande wa Kibuyuni, kwenye mkondo wenye kina kirefu. Akaniuliza, mbele ya wageni, kama nimepata nafuu. Simpendi kabisa.

Jumatano, 5 Februari
Nimepata akili. Kwani nani atakwenda kuwauliza pomboo? Nimekaa kwenye kibanda cha chai cha Mwanapili hapa Ukunda, mbele ya mahamri na mbaazi, nikabonyeza kitufe. Kumi na wawili! Kina mita ishirini. Walikuwa wakicheza. Mwanapili akauliza ninacheka nini peke yangu. Nikamwambia ni sayansi.

Alhamisi, 6 Februari
Nimebonyeza kwa kinyozi (ishirini, wakila), kwenye duka la kubeti (tisa, wakipumzika) na kanisani, mazoezi ya kwaya yakiendelea (thelathini na wawili, wakiimba). Lennox kaona watatu tu, na jua limemchoma pua. Nimemhurumia kidogo. Nimempigia mama simu nikamwambia kazi ni yangu.

Jumamosi, 8 Februari
Aibu! Daktari Gillian ameonyesha ramani mbele ya wafanyakazi wote. Pomboo wa Lennox wako baharini. Wangu wako nchi kavu. Kumbe kile kifaa huandika mahali uliposimama! Hakuna aliyeniambia. (Alisema Jumatatu, lakini nilikuwa nikiwaza rangi ya fulana.) Daktari akaeleza kwa upole kwamba, kwa takwimu zangu, pomboo wa hapa hupenda mbaazi, hunyolewa Alhamisi, na kundi kubwa zaidi ni la Wakristo. Mpishi alicheka hadi akakaa sakafuni. Veronicah hakucheka. Aliuliza nilikuwa nikitafuta nini duka la kubeti saa nne asubuhi. Nikasema niliwafuata pomboo. Kazi amepewa Lennox. Niliitaka kweli. Nimelia chooni, na mama bado sijamwambia.

Jumatatu, 10 Februari
Adhabu yangu: kusafiri na bosi Lennox nikijaza fomu kwa uaminifu. Tukapita Msambweni, tukafika Kibuyuni. Mara mashua nzima ikapiga kelele. Pomboo, ubavuni kabisa, wanaruka! Mimi kichwa changu kilikuwa ndani ya ndoo. Hata mkia sikuuona. Lennox akahesabu kumi na mmoja, akanisihi niandike kumi na mmoja. Kumi na mmoja! Idadi ya mtu asiye na malengo maishani. Nimengoja ageuke, nikaandika themanini, wawili wajawazito. Safari hii hawanipati: kitufe nimekibonyeza baharini.