Kichwa cha Simba Kilichokataa Kupita Mlangoni

Butembo, commune ya Mususa
Jumanne, siku ya pili baada ya Sikukuu ya Mavuno

Kwa Bwana Gracien Kitsa,
Mkurugenzi wa Karakana ya Mavazi ya Maigizo, Beni

Kuhusu: Programu yako ya kukunja karatasi, na hasara iliyomletea mshonaji asiye na kosa

Bwana Mkurugenzi,

Baada ya kukutakia afya njema wewe na wa nyumbani mwako, nakujulisha kwamba naandika nikiwa nimeketi, maana nikisimama nitakasirika. Mimi ni Victoire Kahongya, mjane, mshonaji wa Mususa kwa miaka thelathini na mmoja. Unanijua. Mwezi wa saba ulipokuja kanisani kwetu kufundisha vijana kutengeneza mavazi ya maigizo kwa karatasi, ni mimi niliyekaa mstari wa mbele na kukuuliza kwa nini mtu avae karatasi na vitambaa vipo. Ulicheka, ukasema somo hilo ni la wanaoanza. Kitinda mimba wangu Sagesse, binti wa miaka kumi na tisa, alicheka pamoja nawe, na balaa ilianzia hapo.

Sasa umeandika barua yenye muhuri kumwita Sagesse aje Beni mwaka mzima, ajifunze na kufanya kazi kwenu. Umeandika kwa adabu, siwezi kukana. Lakini huyu ndiye aliyebaki kwangu. Dada zake wameolewa, baba yake amelala makaburini, na wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi: nami huyu nilimkunja mapema juu ya cherehani, ili siku mkono wangu utakapochoka karakana isifungwe. Kwa hiyo nakuomba uifute barua yako. Sababu zangu ni hizi, na zote zinatoka kwenye programu yako.

1. Programu yako haijui kwamba watoto hukua.

Ili usije ukakana kesho, naieleza kama nilivyoiona kwenye kompyuta ya Sagesse, ulimomwekea. Unaiandikia kimo cha atakayevaa, nayo inakupa kichwa cha mnyama kilichogawanywa vipande kwenye kurasa. Unachapa, unakata, unakunja, unabandika, na mwisho simba anapaswa kukutazama. Kanisa letu liliamua kuigiza Danieli katika tundu la simba siku ya Mavuno, na simba angekuwa Sophie, mtoto wa jirani, mwenye miaka minane. Sagesse alimpima, akaandika sentimita 122.

Bwana Mkurugenzi, hapa Mususa hakuna mzazi anayemshonea mtoto nguo ya leo. Uniforme ya mwaka wa kwanza huvaliwa hadi mwaka wa nne. Kila mwaka tunafungua upindo kidogo na sketi inashuka. Mtoto hapimwi alivyo, hupimwa atakavyokuwa. Basi Sagesse alipotoka kuchota maji, nilikaa mbele ya kompyuta na kurekebisha. Kimo nikakiweka 150. Chini yake palikuwa na namba nyingine, 100, iliyoandikwa échelle. Wakati huo sikujua kwamba ndiyo inayokuza mchoro wote, lakini namba ni namba, nikaiongezea thelathini. Programu ilipokea yote bila hata kuguna. Cherehani yangu nikiikosea hukata uzi, ikanuna mpaka nijirekebishe. Chombo kisichomgombeza fundi kina faida gani? Kichwa kilichotakiwa kutoka kwenye kurasa kumi na saba kilitoka kwenye kurasa arobaini na tatu, na mimi nikasema moyoni, sasa hiki ni kichwa.

2. Programu yako haivumilii umeme wa Butembo.

Tulipeleka kurasa kuchapwa kwenye duka la fotokopi. Ishirini za kwanza zilitoka vizuri. Kisha umeme ukakatika, mwenye duka akawasha jenereta, na mashine ilipoamka iliamua yenyewe kuzibana kurasa zilizobaki. Matokeo yake, shavu la kulia la simba lilikuwa kubwa na la kushoto dogo, uso wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nilishauri tuvute kidogo, kama tunavyovuta shati lililokatwa vibaya. Sagesse hakunisikiliza. Alichukua rula akapima kile kimstari cha sentimita kumi kilichochapwa pembeni ya kila ukurasa, ambacho mimi nilidhani ni pambo, akakuta kwenye kurasa za jenereta kina tisa na nusu. Akarudi dukani, akamwonyesha mwenye duka mahali pa kubonyeza ili mashine isibane tena, akachapa upya. Nani alimfundisha kuamini rula kuliko mama yake? Ni wewe.

3. Programu yako inataka karatasi ikunjwe pande mbili.

Mstari huu ni mlima, ule ni bonde, mlima unakunjwa hivi, bonde vile. Sisi tumezaliwa juu ya miteremko, Bwana Mkurugenzi, hatuhitaji kompyuta ituambie mlima ni nini. Na fundi yeyote atakuambia kwamba upindo hukunjwa kuelekea upande wa ndani, basi. Nilipopewa pua niikunje, niliikunja yote kuelekea ndani, kwa ustadi, na nikaipitishia pasi. Simba akawa na shimo mahali pa pua. Sagesse alifungua mikunjo yote mmoja mmoja, akalainisha karatasi kwa mgongo wa kijiko, akakunja upya. Afadhali angenigombeza.

4. Namba 86.

Kila ukingo una namba, na kila namba inatafuta mwenzake: 12 kwa 12, 40 kwa 40. Ni utaratibu mzuri, hata kwa wanadamu. Lakini 86 alibaki peke yake. Tulimtafutia mwenzake siku mbili, chini ya meza, ndani ya kikapu cha vitambaa, hata kwenye Biblia. Alipatikana mlangoni petu, kwa Mama Maliro anayeuza beignets, yale maandazi ya kukaanga. Upepo ulikuwa umempelekea ukurasa, naye alikuwa amefungia beignets nne katika paji la uso la simba na kumkabidhi shemasi Salomon. Shemasi alikuwa bado ana karatasi mfukoni, Mungu ambariki, ila ilikuwa imelowa mafuta, na gundi ikagoma kabisa kushika. Sagesse alichora kipande hicho upya juu ya karatasi safi, kwa macho tu, na kikakaa mahali pake. Programu yako isingeweza kufanya hivyo. Naliandika hili kama lawama kwa programu, wala usilisome kama sifa kwa mtoto.

5. Gundi.

Maelekezo yalisema tupake gundi kidogo kwenye ukingo. Kidogo! Nani amewahi kumkaribisha mgeni kwa kidogo? Nilipika uji mzito wa unga wa muhogo, ule tunaobandikia matangazo ukutani, nikapaka kwa brashi. Simba akalowa, akalegea shingo, akalala kifudifudi. Kesho yake panya walikuwa wamekula sikio moja na kuonja la pili. Sagesse alikata makasha ya sabuni yaliyotoka mpakani Kasindi, akatengeneza mbavu za katoni ndani ya kichwa, akabandika kwa gundi nyeupe ya chupa, akasubiri kila upande ukauke kabla ya kushika mwingine. Simba akasimama.

Hapo ndipo tulipotaka kumtoa nje akauke juani, na mlango wa karakana ukamkataa. Tulijaribu kumpitisha kwa kidevu, kwa kisogo, kwa ubavu. Mama Maliro aliacha beignets zake kwenye mafuta akaja kutushauri, na zikaungua. Sophie aliingia ndani ya kichwa ili kusukuma kutoka humo, kikamfunika mpaka magotini, na bibi mmoja aliyekuwa akipita akauliza kwa huruma, "Mutoto iko ndani wapi?" Mwishowe tuling'oa fremu ya mlango, fremu aliyoifunga marehemu mume wangu kwa mikono yake.

Sagesse alirudi kwenye kompyuta akatazama zile namba. Aliniuliza, "Mama, ni weye uligusa hii chiffre?" Nikamjibu ukweli, kwamba niliacha nafasi ya kukua: "Niliongeza ya kukomea." Akanipinga, "Mais Mama, simba ya karatasi hapana kukomea." Kisha akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na mimi, nakiri kwa aibu, nikacheka pia. Sikuwa nimesikia kicheko kile ndani ya karakana tangu tumzike baba yake. Kwenye cherehani hacheki. Anashona vizuri, anashona kimya.

Basi alirudisha 122, akarudisha 100, akatengeneza kichwa kingine kwa siku tatu, ambacho kilimkaa Sophie sawasawa, mwaka huu tu, jambo ambalo mimi bado naliita ubadhirifu. Kile kikubwa alikipa shemasi Salomon, mtu mwenye mabega. Kwa hiyo katika kanisa letu Danieli alitupwa kwa simba wawili, mama na mtoto, na mchungaji hakupata andiko la kupinga. Simba mkubwa alipogeuza kichwa kuwatazama watu, akina mama wa benchi la pili walihama mpaka la tano.

6. Sababu hii ndiyo kubwa, nimeiweka mwisho kwa kuwa ndiyo inayouma.

Tangu Jumapili watu wanakuja karakanani, nami naacha mkasi na kusimama, kama nilivyofanya kwa miaka yote hii. Wananisalimu vizuri. Halafu wanauliza, "Sagesse iko?" Mwalimu mmoja amefika kutoka Kalunguta kwa pikipiki akitaka vichwa vya ng'ombe sita kwa ajili ya Noeli ya shule yake. Hakuwa na haja ya shati. Nilimwonyesha mashati, akayasifu, akauliza tena Sagesse yuko wapi. Ninaogopa, Bwana Mkurugenzi. Nalisema wazi kwa kuwa wewe u mbali na hutaniona uso. Cherehani ziko mbili hapa, zimetazamana, na kwa miaka minne nimeshona nikimwona yeye kila ninapoinua kichwa. Akija kwenu, nitainua kichwa nione ukuta.

Kutokana na hayo yote, nadai kwa heshima yafuatayo. Kwanza, programu iongezewe mahali pa kuandika kiasi cha kukua. Pili, ijifunze kumkatalia mama anayebadilisha namba wakati binti yake yuko kisimani, na imkatalie kwa Kiswahili, ikiwezekana kwa Kinande chetu, ili aone haya. Tatu, iombe radhi kwa fremu ya mlango. Nne, uifute barua yako ya kumwita Sagesse. Tano, kama utaratibu wa ofisi hauruhusu barua yenye muhuri kufutwa, basi karakana yenu ihamishiwe Mususa pamoja na meza na wanafunzi. Mnaweza kukaa chini ya veranda yangu, mvua haifiki sana. Sita, kama hilo nalo ni gumu, wakubwa wa jimbo waombwe kuisogeza Beni karibu na Butembo. Nimeuliza, nikaambiwa ni kilomita hamsini na kitu tu. Kwa serikali yenye nia si kazi kubwa, na barabara jinsi mnavyoijua, mji kuja hapa ni salama kuliko mtoto kwenda huko.

Nisipojibiwa ndani ya siku kumi na tano nitapeleka nakala kwa mchungaji, kwa meya, na kwa kamati ya akina mama, ambao hawasahau.

Nisalimie mama wa watoto, watoto wenyewe, wanafunzi wako wote hata wale wasiojua kushika mkasi, mlinzi wa lango, na yule kijana uliyekuja naye, Jéthro, aliyekula beignets za Mama Maliro akasema ni bora kuliko za Beni. Mama Maliro anamsalimia sana. Shemasi Salomon naye anakusalimia. Amekataa kurudisha kichwa.

Ni mimi, kwa masikitiko yaliyo sawa na heshima yangu kwako,

Victoire Kahongya
Mshonaji, Mususa

Nyongeza: Aliyekukabidhi barua hii ni Sagesse mwenyewe. Hajui kilichoandikwa humu, anadhani ni barua ya kumtambulisha. Anatoka hapa kesho asubuhi na begi la baba yake, nami nitamwombea mbele ya majirani ili asipate nafasi ya kuniangalia. Sababu zangu sita zisome siku ukipata nafasi, hazina haraka. Mpe meza iliyo karibu na dirisha, maana anakaza macho sana anapokata. Na akishika kazi hasikii njaa, kwa hiyo mwiteni kula mara mbili. Mara ya kwanza huwa hasikii.