Begi Lililozama na Barua ya Jumuiya

Jumatatu, 25 Septemba

Nimefika. Magoti yamevimba. Saa nne ndani ya boti ya Abeid kutoka Kibirizi, nimekalia gunia la chumvi.

Nyumba ni nzuri kuliko kwenye picha. Hapana, shajara ni yangu, niseme ukweli. Vyumba vinne, popo darini, mlango wa mbele haufungi mpaka uunyanyue kwa mikono miwili. Lakini ziwa liko hatua thelathini tu! Miaka thelathini na tatu nimetunza stoo ya kiwanda cha sukari kule Kisumu, nikitamani mahali pasipo king'ora. Nimepapata. Ni nchi ya watu, lakini nimepapata.

Karatasi zina jina la mke wangu, Skolastika. Mimi ni Mkenya, na huku mgeni hamiliki ardhi. Yeye ni mzaliwa wa Simbo. Kwa hiyo nyumba ni yake na masharti ni yake. Amebaki Kisumu kwa binti yetu. Hahamishi hata kijiko, anasema, mpaka Padri aibariki nyumba, maana hataki kuzeekea mahali ambapo majirani hawatujui. Padri hufika kigango hiki, kanisa letu dogo la kijiji, mara moja kwa mwezi. Safari ijayo ni Jumapili, tarehe nane Oktoba. Siku hiyo ikipita bila baraka, Skolastika anamuuzia nyumba binamu yake Bariki, aliyetutafutia, na mimi narudi kulala sebuleni kwa mkwe. Nimelala sebule ile miezi saba. Mkwe anaangulia vifaranga humo humo. Sirudi!

Jioni alikuja katekista, Bwana Gervasi. Mpole, mwembamba, kola imefungwa hadi juu. Alinikaribisha vizuri, kisha akaomba barua ya utambulisho kutoka jumuiya yangu ya zamani, wale majirani wa kusali pamoja. Bila kujulikana na jumuiya, Padri habariki nyumba ya mtu.

Barua! Kisumu nimekwenda jumuiya mara moja katika miaka kumi na moja, na siku hiyo nilikuwa nafuata ufunguo. Katibu wa jumuiya ile ni Skolastika mwenyewe. Nilipomwomba barua aliniuliza aandike nini.

Gervasi akasema kama sina si neno. Oktoba ni mwezi wa rozari, wanasali kila jioni nyumba kwa nyumba. Nije siku saba, wanijue, wataandika barua wao. Siku saba nimepiga magoti kwenye mkeka! Nikasikia mdomo wangu unasema barua ninayo, ila ilikuwa kwenye begi, na begi limetumbukia ziwani nikiwa safarini. Akanipa pole nyingi. Akaondoka. Mambo yamekwisha.

Jumanne, 26 Septemba

Mambo hayajaisha.

Sikujua habari ya mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi haziwavutii dagaa, basi wanaume wote wa kijiji wako nchi kavu, wanashona nyavu na kutafuta la kufanya. Nimewapa la kufanya. Asubuhi Feliksi, mwenye mitumbwi mitatu, alibisha hodi. Mwakeye, akanisalimu kwa Kiha, shikamoo mzee, begi lilianguka wapi?

Nikasimama ufukweni nikanyoosha kidole kwenye maji yenye kina kirefu kabisa. Wakashangilia. Wanapajua! Wakauliza rangi. Nikasema jeusi. Begi langu ni la kijani na liko chini ya kitanda.

Wametafuta mpaka saa kumi jioni. Nilitakiwa nisimame hapo hapo niwaelekeze. Nimeungua shingo.

Jumatano, 27 Septemba

Wameligawa ziwa vipande vipande. Kila mtumbwi na kipande chake. Nimewasihi waache, begi lenyewe lilikuwa la kizamani. Feliksi akasema mzee ana moyo wa subira, na wakaongeza mtumbwi wa nne.

Mchana alikuja Mama Winfrida, mwenyekiti wa jumuiya, mjane, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Nyuma yake akina mama wanane. Wamesikia nimepoteza kila kitu. Wameleta sufuria, blanketi, debe la dagaa, mashati mawili, na suruali ya marehemu mumewe. Aliikunjua mwenyewe na kunipimia kiunoni. Akasema mume wake angefurahi kuona inavaliwa.

Nililia. Machozi ya kweli. Kisumu nimeishi miaka yote hiyo na hakuna jirani aliyeniletea hata kiberiti. Niliona aibu sana, nikataka kusema. Halafu nikaikumbuka sebule ya mkwe.

Begi nimelihamishia darini, kwa popo. Suruali inaenea watu wawili. Naifunga kwa kamba.

Ijumaa, 29 Septemba

Abeid amekuja kutoka Ujiji. Kanzu safi, kofia, hasira. Hata hivyo alinisalimu vizuri, akaulizia afya, akanywa chai yangu. Kisha akasema ana miaka ishirini na miwili kwenye maji haya, na hajawahi kupoteza hata kuku wa abiria. Sasa pale Kibirizi wanamwita Abeid Zamisha. Abiria wanapanda boti za wengine. Akaniomba nikumbuke vizuri, kwa sababu yeye kwa macho yake aliniona nikishuka na begi begani. La kijani.

Nikamwambia hilo lilikuwa begi jingine. Akauliza liko wapi. Nikamwambia nilikuwa nimembebea mtu. Akauliza mtu gani. Nikakohoa kwa muda mrefu.

Hakubishana. Akauliza tu kwa upole nyumba hii aliniuzia nani. Nikamwambia ni Bariki wa Simbo aliyenitafutia. Akashukuru, akaenda zake. Mtu mwepesi kumshinda, kumbe.

Jumamosi, 30 Septemba

Gervasi amepata wazo. Novena kwa Mtakatifu Antoni wa Padua, anayesaidia kupata vitu vilivyopotea. Siku tisa mfululizo, kuanzia leo. Na kwa kuwa begi ni langu, novena inasaliwa nyumbani kwangu. Saa kumi na mbili asubuhi!

Watu ishirini na sita kwenye sebule yangu. Dakika arobaini kwa magoti. Begi liko juu ya vichwa vyetu. Popo mmoja alikuwa anakwaruza zipu.

Jumanne, 3 Oktoba

Novena asubuhi, siku ya nne. Rozari jioni, siku ya tatu. Sikwenda kwenye rozari kwa hiari yangu, Mama Winfrida hupita kunichukua. Anasema mtu mwenye msiba wa begi asiachwe peke yake.

Nimepiga hesabu. Nilikimbia siku saba za magoti. Nimepata tisa, na zile saba ziko pale pale. Nimechoka mpaka nywele.

Giza limerudi na wavuvi wamerudi kazini, lakini hawajakata tamaa. Kila wakirudi asubuhi wanapitia huku kunipa ripoti. Hawajaliona. Wanasikitika kweli kweli. Sasa ni lazima lipatikane, nife nisife.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mpango. Nimeshusha begi na kulipaka masizi ya sufuria mpaka limekuwa jeusi. Ndani nimeweka nguo zangu na barua. Barua nimeiandika mwenyewe, kwa niaba ya katibu, Skolastika. Inasema Alphonce, yaani mimi, hajakosa jumuiya hata wiki moja katika miaka kumi na moja, na kwamba kuondoka kwake kumeacha pengo. Nilipoisoma tena nilijionea fahari. Kesho alfajiri nalilaza kwenye mawe, wavuvi walione wakirudi.

Ijumaa, 6 Oktoba

Limepatikana! Siku ya saba ya novena! Vigelegele vilianzia ufukweni vikapanda mpaka kwangu. Feliksi alilibeba kichwani. Mama Winfrida alinikumbatia nikakosa pumzi.

Kosa moja. Ndani kuna koti langu la harusi ya binti yangu. Sikuwa na moyo wa kulilowesha. Nilimwagia begi jagi moja tu la maji kwa nje, basi. Wakafungua mbele ya watu wote. Nguo kavu. Barua kavu. Siku kumi na moja ziwani, kavu! Na masizi yakaanza kuchuruzika mikononi mwa Feliksi, begi jeusi likawa la kijani mbele ya macho yao.

Mtu mmoja akapiga magoti. Kisha wote.

Mimi pia nikapiga. Ningefanyaje?

Gervasi analia kwa furaha. Ameandika kurasa nne kwa ajili ya Padri. Wameanza kuja watu wa vijiji vya jirani kuligusa. Nimejaribu kumwambia Gervasi kwamba labda lilikuwa begi imara tu. Akasema unyenyekevu wangu nao ni ishara.

Jumapili, 8 Oktoba

Padri Samson alishuka kwenye boti ya Abeid. Nyuma yake akashuka Abeid. Nyuma ya Abeid, amejifunga kitenge cha safari, Skolastika.

Abeid alikuwa amemtafuta Bariki, Bariki akampa namba ya simu ya mke wangu, na Abeid akamuuliza jambo moja tu: mumeo aliondoka na mabegi mangapi? Skolastika amesafiri siku tatu kwa mabasi kuja kulijibu mwenyewe.

Baada ya misa wakalileta begi, limefunikwa kitambaa cheupe. Skolastika akafunua. Akasema amelinunua yeye, ni la kijani tangu dukani, na mumewe hakuwa na jingine. Padri akampa barua. Akaisoma kwa sauti, yote, taratibu, mpaka kwenye pengo nililoacha. Akasema sahihi si yake. Akaikunja barua bila kunitazama. Niliona si hasira tu, nimemwumiza. Nilitamani ziwa lije linichukue.

Nikasimama na suruali yangu ya kamba nikasema yote. Barua, masizi, jagi, popo. Nikamwomba Abeid radhi, nikamwomba Mama Winfrida, nikamwomba Feliksi. Gervasi alikuwa anazichana zile kurasa nne, mojamoja.

Padri akasema kwa barua hii habariki hata banda la kuku. Skolastika akaanza kujifunga upya kitenge cha safari. Nikajua nyumba imekwenda.

Ndipo Mama Winfrida akasimama. Akasema anaomba barua iwekwe kando, siku zihesabiwe. Novena siku tisa. Rozari siku saba. Hakuna mwanaume wa jumuiya hii aliyesali hivyo tangu mwaka uanze, na kama ni kunijua, wananijua sasa kuliko wanavyotaka. Watu wakaangua kicheko. Hata Abeid.

Nyumba imebarikiwa. Padri alinyunyiza maji vyumba vyote, na darini kwa popo. Malipizi yangu ni kusimama gulioni Kibirizi Jumamosi mbili na kusafisha jina la Abeid. Skolastika ameunyanyua mlango kwa mkono mmoja, akaufunga, akakaa kutazama ziwa. Kisha akasema kesho atahitaji sufuria kubwa. Mwenzenu nina furaha isiyosemeka.

Jumatatu, 9 Oktoba

Siku njema. Skolastika ananisemesha. Nimeapa kutosema uongo tena maisha yangu yote.

Saa tano alipita Gervasi. Kesho jumuiya inabeba mawe ya msingi wa nyumba ya Padri, kutoka ufukweni hadi kilimani. Siku nzima. Nikamwambia ningependa sana, ila nina rafiki mgonjwa kijiji cha Kagunga, hali yake si nzuri, lazima niende kumwona.

Akanipa pole nyingi. Saa kumi amerudi na Mama Winfrida. Mgonjwa haendewi na mtu mmoja. Kazi ya mawe imesogezwa hadi Alhamisi. Kesho tunakwenda Kagunga watu ishirini na sita, na uji, na dagaa, na Abeid ametoa boti bure.

Simjui mtu yeyote Kagunga. Naondoka usiku huu huu kwa miguu kuwatangulia. Pale kijijini hakosekani mzee mwenye kikohozi, aniite rafiki kwa saa moja tu.