Nilidai Risasi Kali Mbele ya Wakwe

Leo nimefedheheka, yakhe. Tena mbele ya wakwe! Baba mkwe, mama mkwe, shemeji, na mke wangu juu yake. (Mtoto naye alikuwepo, lakini ana miezi kumi, hatosimulia. Natumai.)

Kisa ni bunduki. Baba mkwe wangu anayo moja ya zamani sana, karithi kwa babu yake. Ile yenye mkono wa chuma chini ya kitako: unauvuta chini, unaurudisha juu, risasi imeshaingia. Kibali anacho, na anaipaka mafuta kama mtu anayempaka mtoto. Mwezi ujao anakwenda nayo Tanzania kuwinda, ruhusa na makaratasi yote tayari, na amesema atafuatana na mkwe mmoja. Wakwe tuliooa binti zake tuko watatu. Wale wawili wenzangu washaanza kumpelekea haluwa.

Mimi haluwa sikupeleka. Nilipeleka mdomo.

"Baba, mimi na bunduki tumezoeana," nimeandika kwenye grupu la familia. (Maishani nimeshika bunduki moja tu. Ya maji.)

Basi leo asubuhi mzee katupitia, tukajazana garini, kutoka mtaani kwetu Qurum mpaka kiwanja cha shabaha kule mbele, ukishavipita viwanda vya Rusayl. Kazi ya leo ilikuwa kuchagua risasi. Mzee hujaza baruti kwenye risasi zake mwenyewe, na alikuja na visanduku viwili. Kimoja kaandika "kali", za baruti nyingi; kingine "laini", za baruti kidogo.

"Hii bunduki bibi kizee," akanieleza. "Ukimlisha kali kila siku, utampasua. Nataka laini, lakini ziwe zinakwenda pale ninapotaka. Paa wa karibu hataki makelele mengi."

Mtu mwenye akili angesema, naam, Baba. Mimi nikasema nini?

"Laini si za kina mama hizo, Baba?"

Mama mkwe alikuwa anamimina chai. Akanyanyua macho, akanitazama, akaendelea kumimina. (Ningeliomba radhi pale pale, leo msingelikuwa mnasoma haya.)

Mzee akapiga laini tano. Bunduki ikakohoa tu, taratibu. Tukaenda kutazama karatasi: matundu yote matano yamekaa pamoja, ungeyafunika kwa kisahani cha kahawa.

"Umeona?" akasema. "Haya, zamu yako. Nikupe laini?"

"Nipe kali, Baba."

"Una hakika?"

"Wallahi."

Nikaomba dakika moja, nimesahau simu garini. Simu nilikuwa nayo mfukoni. Nilikimbilia mkoba wa mtoto, maana usiku kucha nimetazama video za watu wanaopigwa teke na bunduki mpaka bega linakuwa zambarau. Nikachomoa pampasi mbili, nikazipenyeza ndani ya kanzu yangu ya dishdasha, juu ya bega la kulia. Nikajitazama kwenye kioo cha gari. Bega limetuna kidogo. Nikajiona shujaa.

Nikarudi, nikakaa kwenye kistuli, bunduki imelazwa juu ya mfuko wa mchanga. Mzee akanivisha vile vikombe vya masikioni vya kuzuia kelele. Akaingiza risasi kwa mkono wake, akasimama ubavuni kwangu, mkono wake mmoja juu ya bunduki.

"Piga ukiwa tayari."

Shemeji yangu Ilham akainua simu kunipiga video. Nikasoma bismillahi. Nikafumba jicho moja. Kisha nikafumba na la pili.

Nikavuta.

Jamani! Nilirushwa! Kistuli kule, mimi huku, miguu juu, kofia yangu inabingirika kwenye changarawe. "Bega langu! Bega limekwenda, Rahma!" Mke wangu akaja mbio. Nikawa nimelala chali, nahema. Lakini nikakumbuka kuwa mimi ni mwanamme, nikavua vile vikombe, nikauliza kwa sauti ya kishujaa:

"Nimepata?"

Mzee alikuwa ameishika bunduki vile vile, pale pale juu ya mchanga. Haikusogea hata unywele. Hakuna moshi. Hakuna harufu ya baruti.

"Umepata nini, mwanangu?" akasema pole pole. "Haijalia."

"Haijalia vipi?"

Akavuta ule mkono wa chuma, risasi ikatoka nzima, akaniwekea kiganjani. "Hii haina baruti. Kila mgeni nampa hii kwanza, nimuone kama anaiogopa bunduki."

Yaani nilijirusha mwenyewe! Kwa nguvu zangu mwenyewe!

Nikanyanyuka haraka ili nijifute vumbi. Hapo ndipo pampasi ya kwanza ilipoteleza kwenye mkono wa dishdasha, ikaanguka mbele ya kiatu cha baba mkwe. Ya pili ikabaki imening'inia shingoni. Mzee akaiokota ile ya kwanza, akaigeuza huku na huku.

"Hii ya kwako au ya mtoto?"

Ilham akakaa chini kabisa kwa kicheko. Rahma akageuka akatazama milima, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mama mkwe hakucheka. Akaweka bilauri yake chini, akafunga mtandio vizuri, akakaa kwenye kistuli. "Nipe zile za kina mama," akamwambia mumewe. Akapiga laini tatu. Zote tatu karatasini, moja katikati kabisa. Kumbe alifundishwa na baba yake, tangu hajaolewa! Miaka sita nimekula biriani ya mkono ule, hakuna aliyenambia.

Tulipofika nyumbani mzee akanishika bega (lile lile) na kusema: "Risasi nimechagua. Laini. Na mtu wa kufuatana naye pia nimempata."

Nikamuuliza nani, ingawa n'najua.

"Mama yenu. Wewe utabaki na mtoto."

Basi ndiyo habari zenu za leo. Video ishafika Zanzibar na Dar es Salaam, na wale wakwe wenzangu wawili wamenitumia haluwa, ya pole. Mkitaka kucheka chekeni, lakini chekeni zile laini.