Gilbert Kumi na Wanne Uvunguni mwa Nyumba Yangu

Jumapili, 14 Julai 2024

Nimetukanwa kanisani. Kwa upole, ndiyo maana imeniuma zaidi.

Mama mkwe anafika Jumamosi kutoka Voi. Ana pumu. Chumba cha nyuma, ambacho ndicho pekee cha mgeni, kinanuka gunia lililonyeshewa. Blandina, mke wangu, ni muuguzi, husema ukweli kama anayesoma joto la mgonjwa. Akausema kwenye chai baada ya ibada. Gilbert akasikia.

Gilbert! Mwenyekiti wa chama chetu cha Wakenya hapa Minnesota, aliyenishinda uchaguzi wa Machi. Akasema mama asipate taabu, nyumba yake ya Golden Valley ni mpya na ina vyumba viwili vitupu. Mbele ya watu, mandazi mkononi. Mama mkwe wangu alale kwa Gilbert? Afadhali mimi nihamie uvunguni.

Na uvungu ndio kiini. Nyumba yetu hapa Maplewood ni ya mwaka 1924. Nusu ya nyuma imekaa juu ya nafasi ya kutambaa tu, chini udongo mtupu. Ziwa liko hatua mia mbili. Kwa hiyo hii ni nyumba ya pwani. Blandina anasema ziwa si pwani. Mimi nimezaliwa Freretown, Mombasa. Nani wa kunifundisha pwani?

Alasiri akaja Chepkemoi, wa kanisani kwetu, aliyeacha kazi ya hospitali akawa fundi wa kukausha nyumba. Akaingia uvunguni kwa tumbo, akatoka na udongo kwenye nywele. Akasema ardhi inatoa mvuke saa zote, unapanda, mbao za sakafu zinaota kuvu. Dawa ni kutandika nailoni nzito ardhi nzima, vipande vipandane, viungwe kwa utepe, vipandishwe hadi ukutani. Matundu ya hewa yafungwe. Nikamwuliza kama nyumba yangu ni maiti hata ivishwe sanda. Akajibu kwamba maiti hakohoi, Baba Fiona, atakayekohoa ni mama.

Nchi yangu ilipiga marufuku mifuko ya nailoni. Leo nitandike futi za mraba mia nne za laana hiyo chini ya vitabu vyangu? Nyumba za kwetu za mawe ya matumbawe zimesimama karne nzima kwa sababu moja tu: zinapumua!

Blandina akasema nyumba nilimozaliwa haikuwa na uvungu. Kweli, lakini haihusiani. Nimepewa hadi Ijumaa. Chumba kisipokauka, mama anakwenda Golden Valley.

Jumatatu, 15 Julai

Nimefungua matundu yote sita ya uvungu. Yalikuwa yamezibwa kwa matambara, pengine tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza. Feni mbili. Upepo wa ziwani unaingia huku, unatokea kule. Nilisimama nikausikiliza kwa raha. Freretown kabisa.

Nimenunua kipima unyevu. Asubuhi asilimia sabini na moja. Nategemea hamsini kufikia kesho.

Nimeandika makala kwenye kundi la chama: "Nyumba za Pwani na Ukoloni wa Nailoni." Maneno mia tisa, mifano kutoka Lamu, Zanzibar na Roma ya kale. Gilbert amejibu kwa kidole gumba. Kidole kimoja! Kwa maneno mia tisa!

Jumanne, 16 Julai

Themanini na nane.

Haiwezekani. Nje joto kali, hewa nzito kama supu, feni zinafanya kazi, unyevu unapanda!

Binti yangu Fiona, miaka kumi na mitano, akamulika uvunguni kwa simu. Mabomba yanatiririka. Akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba ni sawa na chupa ya soda iliyotoka kwenye friji: hewa ya moto ikigusa kitu baridi inaacha maji, na mimi nimeialika hewa yote ya Minnesota ije iache maji yake chini ya nyumba. Akaongeza kwamba walisoma hayo darasa la sita.

Nikamwambia chupa ya soda haina historia.

Nimeshuku kipimo. Nimekihamishia jikoni. Hamsini na mbili! Nimeshusha pumzi. Nimeandika hamsini na mbili kuwa kipimo cha leo.

Jumatano, 17 Julai

Msiba. Juzuu ya barua zangu kwa wahariri, miaka kumi na tisa ya hasira iliyochapwa na kujaladiwa, imeota ndevu za kijani. Rafu ya chini, chumba cha nyuma. Nimeifuta kwa shati langu.

Blandina akasimama mlangoni. Alinusa tu, mara moja, akaondoka. Mwanamke huyu angekuwa mwandishi mkali sana.

Basi. Nakubali kutandika. Si kwamba nimeshindwa. Mwanafikra hubadili mbinu. Lakini nailoni ya Chepkemoi sitaki, maana nimeshaipinga kwa maandishi mbele ya watu mia mbili na arobaini. Nahitaji kitu kizito, kisichopitisha maji, ambacho hakiitwi nailoni.

Mabango! Stoo ya kanisa imejaa. Nimemwona Solomon, mtunza jengo, mtu asiyeuliza maswali. Akanipa ufunguo, akasema nichukue nipendacho.

Nilichokipenda kilikuwa pembeni, kimeviringishwa vizuri. Mabango ya kampeni ya Gilbert, kumi na manne, kila moja pana kama kitanda cha watu wawili. Uso wake mkubwa. Tabasamu lile. Na maandishi: GILBERT, MSINGI IMARA.

Msingi. Yeye mwenyewe kaandika.

Halafu nikagundua jambo lililonifurahisha hadi nikacheka peke yangu stoo. Mabango ya kutundikwa nje hukatwa vitobo vya nusu mwezi ili upepo upite. Turubai linalopumua! Ardhi imefunikwa, nyumba inapumua, na sijasaliti hata sentensi moja ya makala yangu.

Alhamisi, 18 Julai

Nimetandika yote. Saa nne za kutambaa. Nyuso juu. Ningeweza kuzilaza nyuso chini, lakini upande wa picha ndio ulio laini, unafaa magoti. Hiyo ndiyo sababu. Nimepita juu ya pua ya Gilbert mara nyingi kuliko ilivyolazimu.

Utepe sikuweka. Utepe ni woga.

Nimeoga, nimekunywa chai ya tangawizi, nimelala usingizi wa mchana kama mtoto. Moyo mweupe.

Ijumaa, 19 Julai

Tisini.

Nimeingia kuangalia. Mvuke unapanda kupitia vitobo, unageuka matone, unarudi kudondoka. Gilbert wote kumi na wanne wanatokwa na jasho. Mmoja ana dimbwi jichoni.

Saa sita mchana Gilbert wa kumi na tano akabisha hodi. Wa kweli. Kuna sherehe ya chama bustanini mwezi ujao, anataka mabango yake ayageuze nyuma apige chapa mpya. Solomon, asiyeuliza maswali, kumbe hujibu ya wenzake.

Nikasema sijui. Fiona akanyoosha kidole uvunguni. Nimemlea kwa jasho langu mtoto huyu.

Gilbert akainama kwenye kijimlango cha uvungu, akamulika. Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa na hoja tatu. Mgongo wake ukaanza kutikisika. Nikadhani analia. Akaketi chini kwenye majani na suruali yake ya kazini, akacheka hadi akavua miwani. Akasema ndugu yangu Maurice, wapiga kura walinipa chama, wewe umenipa nyumba nzima niibebe mgongoni.

Nikazirudisha hoja zangu tatu mfukoni.

Blandina akamwomba radhi. Kisha, bila kuniangalia, akamwuliza kama kile chumba bado kipo. Akasema kipo, tena ameshatandika kitanda. Basi imeamuliwa. Mama atapita hapa kunywa chai, atalala kwa Gilbert.

Nimekuja kazini nikiwa hoi. Zamu yangu katika nyumba ya wazee huku New Hope inaisha kesho saa sita mchana. Mzee mmoja ameniuliza nani kafa. Nimemwambia hadhi.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekuta gari la Chepkemoi mlangoni na Gilbert kumi na wanne kwenye uzio wangu, wanaanikwa, wanatabasamu kuelekea barabarani. Jirani kanipungia mkono, akauliza kama nagombea kiti. Nikamwambia huyo si mimi. Akasema picha huwa zinabadilisha watu.

Uvunguni nilimkuta Gilbert wa kweli kifudifudi, shati limeloa, anabandika utepe kwenye ukuta. Blandina anashika taa. Chepkemoi anawaongoza kwa sauti ya kamanda. Walianza jana nilipotoka tu. Nailoni nyeupe, nene, ukuta kwa ukuta. Matundu sita yamefungwa. Mbao za sakafu kwa juu zimesuguliwa kuvu, na mashine ya kukausha hewa inanguruma kwenye kona. Ya Gilbert. Kaitoa chini ya nyumba yake mwenyewe. Kumbe nyumba mpya nazo zinatoka jasho! Nimelihifadhi hilo moyoni kwa matumizi ya baadaye.

Nikamwuliza kwa nini, wakati tayari alikuwa amempata mama. Akasema, bila kuacha kubandika, kwamba mama yake mwenyewe alikuja mwaka juzi akalala kwa dada yake Gilbert badala ya kwake, na hadi leo kijijini kwao wanauliza kwa nini. Akaniomba nimpe mkasi.

Nikampa mkasi.

Mama alifika saa kumi na moja. Akayatazama mabango, akauliza huyu ndiye rais wa hapa? Kipimo kilisema hamsini na tisa, lakini mama haamini vipimo. Akaingia chumba cha nyuma peke yake, akafunga mlango. Sisi wanne ukumbini kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Chepkemoi alikuwa anatafuna ukucha.

Tukasikia pumzi ndefu. Ikaingia. Ikatoka. Hakuna kikohozi.

Akafungua mlango akasema begi lake liletwe.

Nililibeba mimi. Kilo ishirini na tatu, njugu na unga mtupu. Lilikuwa jepesi kama kikapu cha mkate.

Jumapili, 21 Julai

Mama amelala hadi saa moja asubuhi. Dawa yake ya kuvuta haijaguswa. Nilimsikia jikoni akiimba wimbo wa kitabu cha kanisa, beti zote, bila kukatisha mstari ili apumue. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na chai yangu. Ilipoa. Sikujali. Blandina akaja akaketi kando, akaniegemea.

Kanisani mchungaji akaniita nitoe shukrani. Nilikusudia kabisa kumtaja Gilbert. Nikasimama. Nikaona watu mia mbili wanasikiliza. Nikaeleza kwa kifupi, dakika kumi na saba, jinsi uvungu ulivyopumua siku tano mfululizo kabla ya kufungwa, na kwamba bila pumzi ile nailoni isingefua dafu. Chepkemoi akatoka nje. Gilbert akapiga makofi. Yule mtu hana haya.

Jumatano, 24 Julai

Arobaini na saba! Chumba kinanukia sabuni na chapati. Mama kasema atakaa hadi Oktoba. Juzuu yangu imekauka, ndevu zimeanguka, hasira zote zinasomeka.

Nimefikiri kwa utulivu. Ushahidi uko wazi: ni matundu. Faida yake ilichelewa tu, kama ya kitabu kizuri.

Na kwa kuwa haki haifichwi, leo mchana nimechukua tena ufunguo kwa Solomon. Chumba cha chini cha kanisa kinanuka gunia, na hakuna aliyethubutu kulisema. Nimefungua madirisha yote kumi na mawili. Nje joto kali, hewa nzito, wingu jeusi linakuja kutoka magharibi. Kabati la majoho mapya ya kwaya nimeliacha wazi kabisa.

Yapumue.