Pampu Iliyokufa Siku ya Ntheo

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika nikiwa na shati jeupe, viatu nimepiga rangi. Naandika haya nikiwa nyuma ya boma la wakwe huku Mbumbuni, nimejificha kidogo.

Leo nilikuwa napeleka ntheo, wale mbuzi wa kukamilisha ndoa ya kimila. Kwetu Ukambani, bila ntheo hujaoa. Umeazima tu mtoto wa watu. Na baba yake Ndinda, mchumba wangu, hakuwa ananiamini. Juzi aliniambia bila kupepesa macho, "Hiyo lori yako ni mzee kuliko wewe. Ikikuangusha siku ya ntheo, nitajua hata msichana yangu utamwangusha."

Nikajibu kwa madaha, "Mzee, hiyo lori naijua kama mfuko wangu." (Mfuko wenyewe una tundu.)

Tukatoka Kitui asubuhi, mimi na shangazi yangu, Aunty Syombua. Majike wawili nyuma. Beberu, ambaye ndiye wa kuchinjwa, Aunty akakataa asafiri huko. "Huyu ni wa heshima! Akifika na pembe imevunjika, watasema tumewaletea mgonjwa." Basi beberu akasafiri mbele, katikati yetu, akinipumulia sikioni.

Kwenye soko la Kwa Vonza tukasimama kununua sukari na majani ya chai. Nikazima injini. Beberu naye akataka kushuka. Nikafunga kamba yake kwenye kitu cha kwanza mkono wangu ulichokipata chini ya dashibodi, nikaenda dukani. (Ninyi mna akili, mtakumbuka hapo. Mimi sikukumbuka.)

Kurudi, nawasha. Stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Nikachungulia ekzosi, hata moshi hakuna. Nikatangaza kifua mbele, "Dizeli haifiki!" (Hapo nilikuwa sahihi. Ilikuwa mara ya mwisho leo.)

Nikatoa spana. Tangi lina mafuta. Filta safi. Nikapiga pampu ya mkono mpaka dizeli ikatoka bila mapovu. Nikalegeza paipu za nozeli, zile zinazoingiza dizeli kwenye injini, Aunty akawasha. Kavu! Hata tone. Nikaivuta paipu ya tangi kwa mdomo, dizeli ikanijaa mpaka puani, nyingine ikalifuata shati. Nikakaza paipu zote tena, nikapiga pampu, bado. Aunty akaona mambo yamezidi, akashuka, akaweka mkono kwenye boneti na kukemea kama tuko kanisani. "Wewe pepo wa pampu, toka!"

Simu ikalia. Mzee. "Mko wapi? Wazee wameketi."

"Mzee, pampu imekufa."

Akasema, "Nilikwambia," akakata.

Nitasema ukweli, niliogopa. Nilimwona Ndinda akiniponyoka hivi hivi, nikiwa na spana mkononi.

Ndipo lori moja likasimama kando yetu. Dereva anaitwa Abdi, mtu wa Garissa, alikuwa ameshusha ng'ombe Machakos na sasa anarudi kwao. Nikamweleza.

"Ndugu, mambo ya ndoa haingoji," akasema. "Leta mbuzi, nitakufikisha."

"Utageuza mpaka Mbumbuni?"

"Sasa wewe ukienda kwa wakwe mikono mitupu, mimi nitalala aje?"

Tukawahamisha majike. Aunty akapanda kumfungua beberu, nikasikia kitu ndani kikifanya tap! Sikujali.

"Hebu washa mara ya mwisho," Abdi akasema.

Nikawasha. Lori likanguruma mpaka Kwa Vonza nzima ikasikia! "Pepo ametoka!" Aunty akapiga vigelegele.

Abdi hakushangilia. Alimtazama beberu, akatazama dashibodi. "Mama, huyu alikuwa amefungwa wapi?"

Aunty akaonyesha kile kinobu ninachovuta nikitaka kuzima injini. Kwa malori haya ya zamani, kinobu hicho kikivutwa kinakata dizeli palepale kwenye pampu. Na beberu alikuwa amekivuta kwa shingo yake yote tangu tuliposhuka.

"Nani alimfunga hapo?"

Aunty akanitazama. Abdi akanitazama. Naapa, hata beberu alinitazama.

Abdi alicheka mpaka akaketi chini barabarani. Halafu akaingia kwa lori lake, akanitolea shati lake la Ijumaa, la kuendea msikitini. "Hiyo harufu usipelekee wakwe." Mikono yake inanipita vidole, lakini sijawahi kuvaa nguo nzuri kama hii. Mungu ambariki huyo mtu, na barabara zote zimnyookee.

Tukawarudisha majike kwenye lori letu, tukaagana na Abdi. Tukafika, wazee bado wameketi. Nilikuwa nimepanga kusema ni hitilafu ndogo tu ya mafuta. Aunty hakungoja hata maji ya kunywa, akasimulia yote, na pepo akiwemo. Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa.

Mzee hakucheka. Akamzunguka beberu, akamshika pembe.

"Hii haichinjwi," akasema. Nikadhani ntheo imekataliwa. "Hii naweka. Kama imesimamisha lori, siku utasumbua msichana yangu, naileta ikuzime wewe."

Akaagiza beberu mwingine kutoka zizini kwake achinjwe. Ntheo imepokelewa. Nimeoa, jamani!

Kwa hivyo ninyi wengine kicheko chenu kiwekeni kando. Ndinda anacheka vya kutosha hapa, na sasa ana ruhusa ya kuendelea maisha yake yote.