Mlango wa 10.0.1

Jumatatu, 3 Novemba
Klabu ya kompyuta itachagua mwenyekiti keshokutwa. Mwenyekiti hukaa na ufunguo wa chumba cha kompyuta likizo nzima. Nyumbani hatuna kompyuta. Lazima niwe mimi! Mpinzani ni Kamusi, ajuaye kila kitu na kusema kila ajuacho. Marafiki zake wamejaa maktaba, penye kompyuta pia, na si wanachama. Kura zitapigwa kwenye kompyuta za chumba chetu tu. Mwalimu amenipa mimi kuandika programu ya kulinda mlango, kompyuta za nje zisipige kura. Mungu hamtupi mja wake.

Jumanne, 4 Novemba
Mwalimu alifundisha: anwani ya kompyuta igeuzwe namba, ifunikwe barakoa ya mtandao, yaani namba inayobakiza sehemu ya chumba tu, na kinachobaki ndicho kilinganishwe na chetu. Safari ndefu! Anwani zetu zote zinaanza na 10.0.1. Nimeandika: ikianza hivyo, ipite. Mstari mmoja! Nimejaribu kompyuta ya karani, 10.0.7. Imekataliwa. Leo nitalala usingizi wa mshindi.

Jumatano, 5 Novemba
Kamusi kashinda. Maktaba nzima imepiga kura! Anwani zao zinaanza na 10.0.12. Nimejipalia makaa. Mama kacheka mpaka akaweka pasi chini. "Mwanangu, nikikutuma nyumba namba moja, utaingia namba kumi na mbili kwa kuwa nayo ina moja mbele?"
Nimemweleza kwamba mambo ya mtandao ni tofauti.
Mwalimu kafuta matokeo. Tunarudia Ijumaa. Kanikumbusha barakoa. Nimeitikia kwa heshima.

Alhamisi, 6 Novemba
Barakoa ya nini, na mgonjwa ni mmoja? Nimeongeza mstari: ikianza na 10.0.12, irudi ilikotoka.

Ijumaa, 7 Novemba
Asubuhi fundi wa mtandao kabadilisha mitambo ya maktaba. Sasa wanaanza na 10.0.15! Wamepita kama maji kwenye chujio. Mwalimu kazima kompyuta, katuambia tunyooshe mikono. Kamusi kashinda tena, bila maktaba. Mkono wangu ulikuwa juu kuliko yote, lakini ulihesabiwa mmoja.
Jioni Kamusi kanifuata langoni. Likizo anakwenda kwa bibi yake. Kanitia ufunguo kiganjani.
"Shika, dada mlinzi. Ila jifunze barakoa."
Nimesema asante.

Jumamosi, 8 Novemba
Likizo! Chumba kizima changu. Nimetulia, nimeliona kosa langu: mistari ilikuwa michache. Nimeshazuia 10.0.10, 10.0.11, 10.0.13. Kamusi akirudi atanikuta nimefika 10.0.199.