Posa ya Tovuti ya Leso

Kwa Ndugu Mkuu wa Afisi ya Malalamiko ya Mitandao,
Kwale.

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai u mzima, wewe na watu wa nyumbani, na kwamba joto hili mnalivumilia. Sisi huku Msambweni hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa binti yangu Husna. Haumwi, analia tu. Kilio hicho ndicho kilichonikalisha kuandika.

Nakueleza kama ndugu. Husna ameposwa na Jaafar, kijana wa Waa, mwenye dini na adabu. Wazee wake walikuja, wakapiga hodi, wakanywa kahawa, nami nikawaambia kama ilivyo ada: nendeni, tutawajibu. Kabla sijawajibu, Husna akawa anatazama leso kwenye simu. Tovuti ya duka ikamuuliza kama anakubali. Naye, bila kuniuliza mimi walii wake, akabonyeza "Nakubali yote".

Yote, ndugu yangu! Hata mamake hakunikubalia yote.

Na dini imetukataza kuposa juu ya posa ya mwenzio aliyekwisha kubaliwa. Basi nimewasimamisha wazee wa Jaafar mpaka tovuti hii ijitoe. Haijitoi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Haikuleta mshenga. Iliingia moja kwa moja mkononi mwa binti, ikataka jina, umri na mahali anapokaa. Jaafar mwenyewe umri wake hajathubutu kuuliza.

2. Swabir, fundi wa simu wa Ukunda, amenifahamisha kwamba ukishakubali, tovuti huacha alama ndogo ndani ya simu ili ikutambue ukirudi. Nikamwambia, Swabir, hicho si ndicho kishika uchumba? Akasema, "Mzee, futa tu." Kishika uchumba hakifutwi! Hurudishwa kwa mwenyewe mbele ya mashahidi. Nimeiweka simu mkekani, nikakaa na mashahidi wangu kutoka adhuhuri hadi alasiri. Hakuna aliyekuja kukipokea, na mashahidi wamekula wali wangu bure.

3. Tangu siku ile inamfuata. Akifungua mapishi, leso. Akitafuta habari za mvua ya Kinango, leso. Mposaji mwenye haya hutuma leso moja, kisha akangoja kwao.

4. Masharti yanasema habari za binti watapewa "washirika" zaidi ya mia sita. Ukoo wote wa Jaafar, pamoja na wale wa Taru wanaoonekana kwenye pilau tu, haufiki hapo. Nitawakalisha wapi?

5. Kitufe cha kukubali ni kikubwa, cha kijani. Cha kukataa nimekitafuta kwa miwani yangu na ya mke wangu Hanifa. Nasikia redioni wakubwa wanabishana iwapo mtu akinyamaza mtandaoni ahesabiwe ameridhia. Huku kwetu mwari akinyamaza ameridhia, ni kweli, lakini huulizwa na walii wake. Haulizwi na duka.

Kwa hivyo naomba sheria itungwe: kila tovuti itume wazee kwanza, Ijumaa baada ya swala, na kitufe kibonyezwe na walii mbele ya mashahidi. Asiye na walii, kadhi ambonyezee. Najua kadhi ana kazi nyingi, lakini tutamwombea dua.

Nisalimie wote hapo afisini, wakubwa kwa wadogo, na bawabu wa mlangoni usimsahau.

Ni mimi ndugu yako katika imani,
Chirau Rai,
Msambweni.

Nimesahau jambo. Barua hii naituma kupitia tovuti ya afisi yako. Kabla ya kuipokea, imeniuliza kama nakubali yote. Bando lilikuwa linakwisha, nikabonyeza. Kumbe Hanifa yuko nyuma yangu. Akasema, "Baba Husna, na huyu mke mwenzangu utamweka chumba gani?" Nikaapa kwamba kubonyeza si kuoa. Akasema, "Haya! Maneno hayo hayo kawaambie watu wa Waa," na simu akawapigia yeye mwenyewe. Wanakuja Ijumaa, Husna keshaanza kuchagua mchele. Sasa aliyebaki na kesi ni mimi. Tafadhali nijibu upesi, kwa maandishi, kwamba afisi yako haina nia nami. Barua hiyo Hanifa ataisoma mwenyewe.